Fundi Anayeomba Gari Lilale

Ukimpelekea fundi hodari wa Lubumbashi gari la zamani linalogonga, hakubali kulisikiliza likiwa bado na joto la barabarani. "Papa, moteri ilale kwanza. Kesho mapema." Wenye haraka hununa. Mimi naona ufundi wake unaanzia hapo.

Mji huu uko mita zipatazo 1,200 juu ya bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kweli. Usiku oili imeshukia chini ya injini ikawa nzito. Sekunde za kwanza za kuwasha, vyuma hukutana karibu vikavu, na kila kilicholegea husikika.

Fundi anapima muda wa mlio kuliko ukubwa wake. Tiki-tiki nyepesi ya valvu, ikikoma mara oili ipandapo, haimtishi. Cheni ikikwaruza mbele kisha ikanyamaza, anashuku kikaza-cheni kinachosukumwa na oili. Pistoni inataka subira zaidi: ni ya aluminiamu, nayo hutanuka kwa joto kuliko chuma cha silinda. Iliyochakaa hupigapiga ukuta ikiwa baridi, halafu hutulia kadiri inavyojaa nafasi yake. Gari hilo laweza kutembea muda mrefu bado. Ila mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaozidi oili ikipata joto na kuwa nyepesi, ni wa beringi za konrodi. Huo haungoji mwisho wa mwezi.

Kisha huchukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, akihama taratibu. Huchomoa waya za plagi mmoja mmoja. Mlio wa kugonga ukipungua, silinda yenye ugonjwa imejulikana. Egzosi iliyopasuka humjaribu kuliko yote, maana hulia kama valvu na ufa hujibana ikipata moto. Nimeona injini zikifunguliwa bure kwa sababu hiyo.

Magari mengi ya hapa yametoka Japani yakiwa yametumika, usukani kulia, yakapitia Dar es Salaam hadi mpaka wa Kasumbalesa. Mara nyingi hakuna karatasi inayoeleza lini oili ilibadilishwa. Sikio la fundi ndilo linalobaki kusoma maisha hayo.

Basi mpelekee gari jioni, umwachie ufunguo. Na asubuhi, tafadhali, lisiwashwe kabla hajafika.