Taa Nyekundu ya MGB: Uhakiki wa Fani ya Dashibodi

Wahakiki wetu wamezoea kutenganisha fani na maudhui, kisha kuyakimbilia maudhui. Dereva naye hufanya vivyo hivyo. Taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi, swali lake la kwanza ni inasema nini, kabla hajatazama imewakaje: kwa ukali au kwa kufifia, papo hapo au baada ya kukanyaga mafuta, peke yake au pamoja na nyingine. Kwa gari la leo haraka hiyo ina udhuru, maana nyuma ya taa kuna kompyuta iliyokwisha kupima na kuamua, na taa inatangaza uamuzi tu. Gari la zamani halina mwamuzi huyo. Taa yake ni kiungo cha saketi ileile inayoitolea habari, na kwa hiyo namna inavyowaka ndiyo habari yenyewe. Anayeruka fani ya taa hiyo ameruka kila kitu.

Matini ninayoichukua ni MGB ya mwaka 1971, gari dogo la michezo lenye viti viwili lililoundwa Abingdon, Uingereza, katika ukoo uliodumu kutoka 1962 hadi 1980. Geji zake ni za Smiths, na vifaa vyake vingi vya umeme ni vya Lucas. Ni matini yenye maneno machache. Taa za taarifa mbele ya dereva ni rangi tatu tu: kijani kwa indiketa, bluu kwa taa kubwa za mbele, nyekundu kwa chaji. Shinikizo la mafuta ya injini na joto la maji, katika magari yaliyouzwa Uingereza wakati ule, havikupewa taa wala waya; vinasomwa na geji zilizounganishwa na injini kwa mirija myembamba. Umeme wote ukikatika, mishale ya geji hizo inaendelea kusema kweli. Mbunifu aliyapa mambo hayo mawili njia yao wenyewe, nje ya nyaya, na ni uamuzi ninaouheshimu sana kila ninapoliona gari hili.

Lakini kiini cha dashibodi hii ni ile taa nyekundu, na ningependa tukae nayo.

Ina pande mbili. Upande mmoja unapata umeme wa betri kupitia swichi ya ufunguo, kwa waya mweupe. Upande wa pili umeungwa kwenye alteneta, kwa waya wa kahawia wenye mstari wa njano. Taa haina ethi yake yenyewe, yaani njia ya kuurudisha umeme kwenye betri kupitia bodi la gari. Ufunguo ukifunguliwa kabla injini haijazunguka, alteneta imelala: umeme wa betri unapita ndani ya taa, unaingia kwenye rota ya alteneta na kushukia ethi huko. Taa inawaka kwa ukali. Injini ikishika, alteneta inazalisha volti zake, na upande wa pili unapanda mpaka unalingana na ule wa kwanza. Umeme haushuki tena kutoka upande wowote kwenda mwingine. Taa inazimika.

Kwa hiyo taa hii haisemi kwamba chaji haipo. Inasema kwamba pande zake mbili hazilingani. Tofauti hiyo ndiyo inayofungua usomaji wote unaofuata. Taa iliyozimika injini ikiwa inanguruma inaweza kuwa na maana ya uzima, volti 14 huku na volti 14 kule. Inaweza pia kuwa na maana kwamba globu imeungua na hakuna kinachosemwa kabisa. Kwa macho, kimya hiki na kile havitofautiani. Kinachovitofautisha ni mfuatano: je, taa iliwaka pale ufunguo ulipofunguliwa? Taa hii imebuniwa ianze kwa kuwaka, ithibitishe kwamba ipo, ndipo inyamaze. Ambaye hakuitazama mwanzoni hana haki ya kuufasiri ukimya wake baadaye.

Tena haisimulii kutoka pembeni. Globu ni ya wati 2.2, kwenye mfumo wa volti 12 inapitisha kama ampea 0.18. Umeme huo mdogo ndio unaoipa rota usumaku wake wa kwanza na kuiamsha alteneta. Msimulizi ni mhusika. Globu ikiungua, alteneta iliyo nzima kabisa inaweza kukaa imelala, au ikaamka tu baada ya injini kukanyagwa sana, kwa usumaku mdogo uliosalia kwenye chuma chake. Ndiyo sababu nasikitika ninapoona wanaokarabati magari haya wakiing'oa globu ya asili na kutia ya LED kwa kutaka mwanga mzuri. LED inahitaji umeme kidogo mno. Isipowekewa rizista ya kusaidia, rota haipati kilichokuwa kinaiamsha. Mtu amebadilisha pambo, na kumbe ameuondoa mhimili.

Sasa tazama jinsi taa moja inavyobeba kauli nyingi kwa kubadili mwanga tu. Ikimemeteka kwa wasiwasi, shuku brashi za kaboni zilizolika ndani ya alteneta, au mkanda wa feni unaoteleza. Ikiwaka kwa ukali injini ikiwa inazunguka, upande wa alteneta hauna kitu: mkanda umekatika, au alteneta imekufa, au waya umechomoka. Ikififia kama kaa linalokaribia kuzima, pande mbili zimeachana kidogo tu, na hapa ndipo usomaji wa haraka unapogharimu watu fedha. Wengi huona mwanga huo hafifu wakanunua alteneta. Lakini kutolingana hakusemi ni upande upi uliopungua. Diodi moja ya alteneta ikiharibika, upande wa pili unashuka. Nazo pointi za swichi ya ufunguo zikiwa zimechakaa, au kiungio cha waya mweupe kikiwa na kutu, upande wa kwanza ndio unaoshuka, na taa inatoa mwanga uleule. Njia ya kutenganisha ni kuubana usemi: washa taa kubwa na feni ya hita. Mwanga ukizidi kila unapoongeza mzigo, tafuta volti zinazopotea njiani, kwenye nyaya nene za kahawia na viungio vyake, kabla ya kuigusa alteneta.

Kuna hali moja adimu inayonivutia kuliko zote: taa inafifia nyekundu wakati ufunguo umefungwa na gari limelala. Hapo sentensi inasomeka kinyumenyume. Diodi iliyovuja inaruhusu umeme wa betri kuingia kwa mlango wa alteneta, kupita taa kutoka upande wa pili, na kuingia saketi ya ufunguo ambayo ilipaswa kuwa tupu. Asubuhi betri imekwisha. Mwanga ni uleule, taa ni ileile. Mwelekeo ndio uliogeuka.

Usomaji huu unafungwa na mwaka wa gari. MGB za kabla ya mabadiliko ya mwishoni mwa 1967 zina dainamo badala ya alteneta, na chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Dainamo haitoi umeme wa kutosha injini ikizunguka polepole, hivyo taa nyekundu inayofifia gari likisimama kwenye taa za kuongozea magari, kisha ikazimika ukikanyaga mafuta, ni hali ya kawaida kwa gari la 1965. Kwa gari la 1971 ni ugonjwa. Alama ni ileile, sarufi ni nyingine.

Ili kuona jinsi uamuzi huu wa fani ulivyo wa pekee, linganisha na Datsun 240Z, gari la Kijapani ambalo Afrika Mashariki inalijua vizuri. Mwaka huohuo 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena. Wabunifu wa 240Z waliipa chaji geji ya ampea. Mshale unasimama katikati, unaelekea upande mmoja betri inapojazwa na upande wa pili inaponyonywa. Huu ni usimulizi wa mfululizo: unaona kiasi, unaona mwelekeo, unaona betri ikirudishiwa taratibu kile stata ilichokula. Lakini geji ya ampea inamtaka msomaji ayaondoe macho barabarani na kupima, tena inalazimu umeme mwingi wa gari upitie nyuma ya dashibodi, mahali ambapo kiungio kikilegea kinapata moto. Mrithi wake, 260Z, alikuja na geji ya volti. Kwa usiku na vumbi ningechagua taa ya MGB. Kwa anayetaka kujua betri yake inaishije, geji ya Datsun ina utajiri ambao taa haitaufikia.

Geji ya mizunguko ya injini inastahili kusomwa kwa jicho hilohilo. Kwenye MGB hii, waya mweupe unaokwenda kwenye koili unazungushwa kwanza nyuma ya geji, na geji inahesabu mapigo ya umeme yanayopita humo. Kwa hiyo mshale hauangalii injini. Unaangalia umeme wa kuchoma petroli. Gari likizimika ghafla njiani, tazama mshale wakati magurudumu bado yanaisukuma injini. Ukianguka mara moja hadi sifuri huku injini ikizunguka, mapigo ya umeme yamekatika: swichi, waya mweupe, platini, koili. Ukishuka polepole sambamba na mwendo, umeme huo upo, na upungufu pengine uko kwenye petroli. Miaka mingi baadaye Porsche 944, iliyotengenezwa kutoka 1982 hadi 1991 na kuendeshwa na mfumo wa Motronic wa Bosch, ilihifadhi kitu cha aina hiyo: stata inapozungusha injini isiyotaka kushika, mshale ukitikisika kidogo ni dalili kwamba kompyuta inapata ishara kutoka kwenye sensa za gurudumu la nyuma ya injini. Mshale ukibaki umekufa, fundi anaanzia kwenye sensa hizo, au kwenye rilei inayoipa kompyuta umeme.

Dashibodi ina ndugu yake kwenye karatasi, nayo ni ramani ya nyaya. Ninaichukulia kama matini ya pili ya gari hilohilo, na ni nzuri sana. Ukurasa mmoja unabeba gari zima. Kila waya una herufi: N kwa kahawia, U kwa bluu, W kwa nyeupe, G kwa kijani, P kwa zambarau, B kwa nyeusi, herufi ya pili ni rangi ya mstari. Rangi zinafanya kazi ya vina. Kahawia ni umeme wa betri usiopitia fyuzi wala ufunguo. Nyeupe ni uliopita kwenye ufunguo bila fyuzi. Kijani ni uliopita kwenye ufunguo na fyuzi. Zambarau ni uliopita kwenye fyuzi tu, nao uko hai wakati wote. Vifaa vilivyotawanyika gari zima, geji ya petroli, taa za breki, indiketa, waipa, vinaonekana havina uhusiano mpaka utazame kina chao: vyote ni kijani. Vikifa pamoja, hakuna haja ya kufungua hata kimoja. Nenda kwenye fyuzi yao na vishikizo vyake vilivyoshika kutu. Vivyo hivyo kwa nyeupe. Fungua ufunguo, usikilize pampu ya petroli ya SU ikigonga huko nyuma. Taa nyekundu imewaka na pampu iko kimya: kasoro iko kwenye pampu au njia yake. Zote mbili kimya: rudi kwenye swichi.

Lakini ramani hii ina upofu, na upofu wake umo katika fani. Kila kifaa kina mstari wa rangi unaokiletea umeme, uliochorwa kwa uangalifu kutoka chanzo hadi mwisho. Njia ya kurudi haikupewa heshima hiyo. Mara nyingi imefupishwa kuwa alama ndogo ya ethi, ileile kila mahali, kana kwamba bodi la gari ni bahari isiyokauka. Baada ya miaka hamsini bodi hilo ni rangi, kutu, na skrubu zilizolegea. Msomaji mwaminifu wa ramani anafuata mistari aliyochorewa na hapati kosa, kwa sababu kosa liko pale ambapo mchoraji hakuchora kitu. Taa za nyuma ndizo zinazolifichua. Kanyaga breki, na indiketa ya upande uleule inang'aa kwa mbali. Washa indiketa, na taa ndogo inapungua nguvu kwa mapigo yaleyale. Umeme ulionyimwa njia ya kushuka umepenya kwenye nyuzi za globu jirani ukitafuta ethi kwingine. Wapenzi wa magari wa Uingereza wamemlaumu Lucas kwa mizaha isiyokwisha. Naona lawama nyingi kati ya hizo zilipaswa kwenda kwenye skrubu moja ya bati.

Mita ya volti ndiyo inayorudisha kilichoachwa. Ukiitazama vizuri, inafanya kazi ileile ya taa nyekundu: inalinganisha pande mbili na kueleza tofauti yake, ila pande zake zinahamishika, na tofauti inakuja kwa tarakimu. Weka ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyuma ya viti, na nyingine kwenye bati la ndani la taa ya nyuma, kisha mwenzako akanyage breki. Ikisoma 0.1 au 0.2, njia ya kurudi ni nzima na utafute kwingine. Ikisoma 2 au 3, hizo ndizo volti zinazoliwa na ile alama ndogo ambayo mchoraji aliiacha bila mstari. Fungua skrubu, kwangua mpaka chuma king'ae, funga, upime tena.