Utenzi wa Hemedi Usomwapo Kalama

Ni mazoea kuusoma Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah, kama utenzi wa upinzani. Sawa, lakini anwani yake yamtaja mvamizi mmoja tu. Vita vilipozuka mwaka 1888, Uingereza na Ujerumani zilikwisha kugawana bara tangu 1886, kwa mstari kutoka mlango wa Mto Umba hadi Ziwa Victoria. Sultani akaachiwa ukanda wa pwani wa maili kumi. Kalama, huku Ukambani, iliangukia upande wa Waingereza bila risasi hata moja kulia. Uhakiki unaosubiri mizinga hauwezi kuuona uporaji huo. Ajabu ni kwamba Hemedi mwenyewe ametupa kitenzi kinachotosha: kutamalaki ni kumiliki, wapiganaji wawepo wasiwepo.