Ndumilakuwili Machimboni

Mkusanyaji wa katuni kuukuu aghalabu hupenda nakala safi. Huitafuta Sani ya miaka ya mwanzo yenye jalada lake kamili, pini zisizoshika kutu, na pambizo zisizoandikwa jina la mtu. Ladha hii ina asili yake ng'ambo. Huko Marekani, jarida lililomtoa Superman kwa mara ya kwanza mwaka 1938 hufungiwa ndani ya plastiki ngumu lisifunguliwe tena, na thamani yake hupanda kwa kadiri lisivyosomwa. Mkusanyaji wa namna hiyo akifika Shinyanga, kisha akashika njia ya Kahama kuelekea Geita, atarudi mikono mitupu. Katika ukanda huo jarida la vibonzo halikununuliwa likawekwa. Lilipita mikono mingi, likapoteza jalada, likashonwa kwa uzi, na siku zake zilipokwisha likafungia karanga. Kilichosalia ni vipande. Lakini vipande hivyo ndivyo vinavyostahili kukusanywa kwanza, kwa kuwa vimebeba kitu ambacho nakala safi haina: alama ya msomaji.

Historia yenyewe yaweza kusemwa kwa ufupi. Baada ya Azimio la Arusha, Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na mwananchi wa kawaida akajiona gazetini. Zama hizohizo zilisomwa hadithi zilizosimuliwa kwa picha za kamera: African Film la kampuni ya Drum, lenye mpelelezi Lance Spearman na kofia yake, na Film Tanzania la Faraji Katalambula, mtunzi wa Simu ya Kifo. Kuelekea miaka ya 1980 Saidi Bawji na Nico ye Mbajo wakaanzisha Sani, jina lililoungwa kwa silabi za mwanzo za majina yao mawili. Jarida lilitoka Dar es Salaam, na njia ya bara ilikuwa tayari: reli ilikwisha kufika Mwanza, kwa kupitia Tabora na Shinyanga, tangu mwaka 1928.

Mchoraji aliyelipa Sani uso wake ni Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Yeye ndiye aliyemzaa Ndumilakuwili. Jina ni la nyoka anayesemwa kuwa na kichwa kila upande, hajulikani aendako wala atokako. Mwenye jina katika katuni ni laghai wa mjini, mwepesi wa ulimi. Aliyezoea mashairi hatauona ukurasa huu kuwa mgeni. Kiputo cha maneno kina mizani yake: kikijaa, neno halina pa kukaa, na mchoraji hulazimika kukata kama mtunzi akatavyo ili mshororo usivunjike. Kisanduku cha mwisho ni kituo, ila kituo cha shairi hutulia, na hiki huangusha. Aliyesimama wima tangu mwanzo huonekana miguu juu. Asiyeamini ukali wa sharti hilo na ajaribu kuufasiri ukurasa mmoja katika lugha nyingine. Kicheko kitamwagikia njiani.

Mtu aweza kuuliza laghai wa Dar es Salaam anamhusu nini mchimbaji. Jibu limo katika uchumi wa mahali. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940; mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita ulifungwa mwaka 1966; kisha, katika miaka ya 1980 na 1990, wachimbaji wadogo walimiminika kila palipovuma dhahabu, kabla ya migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu kuanza kazi mwaka 2000 na 2001. Mtu aliyemo ndani ya duara, chini ya ardhi, haijui bei. Kati yake na soko wamesimama mwenye duara, mwenye karasha na mwenye mzani, na kila mmoja ana mdomo wa kusemea na huyu na mwingine wa kusemea na yule. Ndumilakuwili hakuhitaji kufafanuliwa huko. Wala Lodi Lofa hakuhitaji, lodi asiye na mali, katika kambi ambamo ubwana wa mtu hudumu wiki moja na suruali mpya huonekana kabla ya deni kulipwa.

Kicheko hicho, hata hivyo, kilikuwa na ncha mbili. Katuni za mjini zilizoea kumchora mtu wa bara kuwa mshamba: anashangaa magari, anaulizia njia, lafudhi yake imeandikwa kama ilivyo ili ichekwe. Msomaji wa Shinyanga alitoa fedha yake akanunua dhihaka juu yake mwenyewe, akacheka pamoja na wamchekao. Wahakiki wameiweka kazi hii katika kapu la fasihi pendwa na kupita, na kwa hiyo swali la nani anamcheka nani halikupata wa kulishughulikia.

Dhihaka hiyo ni dhalimu zaidi ukikumbuka kwamba Usukuma haukusubiri Dar es Salaam ufundishwe kusoma picha. Mwaka 1953 Hans Cory alichapisha London kitabu chake juu ya michoro ya ukutani ya wachezaji nyoka, Bayeye, ambao nyumba zao za kufundia wanagenzi zilijaa picha za nyoka, watu na vitu, na picha zilikwenda pamoja na nyimbo. Anayeingia ukurasa wa vibonzo akitokea katika mapokeo hayo anajua tayari kwamba mchoro una maneno yake. Na humo nyoka si matusi, ana elimu.

Jambo zito zaidi ni uchawi. Majarida ya miaka ya 1990 na 2000 yaliupenda mno: bibi kizee mwenye macho mekundu, ungo, makaburi, usiku. Mkusanyaji wa vioja hufurahia kurasa hizi kuliko zote, na haiyumkiniki kumlaumu, kwani wino wake ni mkali na vitisho vyake vinachekesha. Lakini kati ya mwaka 1970 na 1984 serikali ilihesabu watu 3,693 waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi. Walio wengi walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji ilitokea Mwanza na Shinyanga. Macho mekundu ya vikongwe wale yalitokana na moshi wa jikoni, wengi wao wakipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Visiwani, Muhammed Said Abdulla alikwisha kuonyesha njia nyingine: katika Mzimu wa Watu wa Kale, Bwana Msa anakwenda palipo na mzimu na kumtoa hapo binadamu mwenye hila. Mchoraji aliyeweka jicho jekundu usoni mwa kikongwe bila ya kuchora moshi alirahisisha kazi yake mahali ambapo urahisi huo una gharama. Hili ni kosa la sanaa kwanza, kwa sababu alinakili uvumi akaacha kutazama.

Kurasa hizo zisitupwe. Zikusanywe pamoja na madoa yake, majina yaliyoandikwa pambizoni, hesabu za gramu na madeni. Kazi ni ya haraka, kwani karatasi ya gazeti hugeuka manjano na kukatika yenyewe, na mchwa hawamngoji mkusanyaji. Ugumu mwingine ni kwamba hadithi zilitolewa kwa mafungu, na fungu lililofuata halikufika kila kambi. Aliyepata leo nusu ya toleo lisilo na jalada yumo katika hali aliyokuwamo mchimbaji wa Nyarugusu: ameshika kisanduku cha mwisho, laghai yu miguu juu, na ukurasa wa kumwambia kilichomwangusha haupo.