Kurani Mikononi mwa Wanafunzi Wapya

Vyuo vikuu vingi vya Marekani vina desturi ya kuwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kitabu kimoja wakisome kabla ya kufika chuoni, kisha wakijadili katika vikundi vidogo. Nia ni njema: watu wasiofahamiana huanza masomo wakiwa na jambo la kuzungumza pamoja. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kilichagua kitabu cha Michael Sells, Approaching the Qur'an, kilichotolewa mwaka 1999. Shirika la Kikristo la Family Policy Network lilikwenda mahakamani, likidai kwamba chuo cha serikali kinawalazimisha vijana mambo ya dini. Mahakama ilikataa kuuzuia mjadala, nao ukafanyika mwezi Agosti. Aliyezuiwa na dhamiri yake kusoma aliruhusiwa kuandika ukurasa mmoja kueleza sababu.

Kitabu chenyewe twakionaje? Sells ametafsiri sura 35 fupi, za mwanzo, zihusuzo uumbaji, haki ya yatima na maskini, na siku ya hukumu. Ameambatanisha kisahani chenye sauti za wasomaji, kwa kuwa Waislamu huyapokea maneno hayo kwa sikio kabla ya jicho. Hapo amefaulu. Walalamikaji walisema kwamba sura ndefu za Madina, zenye sheria na habari za vita, hazimo. Hoja hiyo ina uzito, kwani baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, maswali ya vijana yalikuwa huko huko. Lakini dawa ya kusoma kidogo ni kusoma zaidi, wala si kufunga kitabu.

Sisi Walutheri tunao mfano wetu. Mwaka 1542 Baraza la mji wa Basel lilizuia uchapaji wa tafsiri ya Kilatini ya Kurani. Martin Luther aliliandikia likubali. Mwaka 1543 tafsiri ikatoka, naye akaiandikia dibaji. Hakuwa rafiki wa Uislamu, alitaka ukanushwe. Hata hivyo, alitambua kwamba mtu hawezi kujibu asichokisoma.

Wanafunzi wetu hutoka katika vijiji ambako Mkristo na Mwislamu huchota maji kisima kimoja na kuzikana. Hata hivyo, wengi wetu tumehubiri juu ya kitabu tusichopata kukifungua, tukitegemea aya mbili tatu tulizozisikia katika mihadhara ya uwanjani. Yatupasa kukiri kwamba jambo hilo lagusa Amri ya Nane, maana ashuhudiaye juu ya jirani yake asichokijua yu karibu na uongo. Tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy ipo tangu mwaka 1969. Hatuna udhuru wa lugha.

Basi, twapendekeza vyuo vyetu vitenge muhula mmoja, si siku moja kama kule Chapel Hill, ili wanafunzi wapya wasome pamoja, sura fupi na ndefu, na mwalimu wa Kiislamu aalikwe kujibu maswali. Imani isiyoweza kustahimili kusoma haitastahimili usharika.