Harufu Isiyochoreka: Kumbukumbu, Hisi na Kutodumu katika Michoro ya Lubaina Himid, kwa Kulinganisha na Karafuu ya Pemba

Sehemu hii inahakiki namna mchoro unavyobeba kumbukumbu ya hisi zisizoonekana kwa macho. Pemba ni mahali pagumu pa kulipima swali hili. Tangu tufani ya 1872 ilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba imekuwa kitovu cha zao hilo. Wakati wa mavuno, mpita njia huitambua karafuu kwa pua kabla ya jicho. Mchoraji wa majamvi ya karafuu hunasa rangi ya saa moja tu: kijani na wekundu wa leo huwa kahawia baada ya siku chache za jua. Harufu na uchovu wa mchumaji hubaki nje ya turubai.

Falsafa ya Kibudha huhesabu milango sita ya hisi, wa sita ukiwa akili. Kwa msingi huo, kumbukumbu si ghala la mambo yaliyopita. Ni mguso mpya, unaozuka na kutoweka. Mtazamo huu unaufafanua vyema mfululizo wa Himid uitwao Zanzibar (1999). Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza angali mchanga baada ya kufiwa na baba. Hakuwa na sura ya kisiwa ya kuikumbuka. Turubai zake, zilizopangwa mbilimbili, hazitegemei sura za watu. Mtazamaji hulazimika kuvuka pengo lililo kati ya turubai na turubai, na ukumbusho huzaliwa katika kuvuka huko. Haidaiwi hapa kwamba Himid ni Mbudha. Falsafa hiyo ni chombo cha uhakiki tu.

Hata hivyo, chombo hiki kina mpaka. Msemo wa Waswahili kwamba dunia ni mapito unakaribiana na dhana ya kutodumu, lakini kwa Mpemba Mwislamu mapito yana mwisho wake, yaani akhera, na yana hesabu. Mashamba ya karafuu yalianzishwa kwa jasho la watumwa. Uhakiki unaosema tu kwamba yote hupita huifuta hesabu hiyo. Kwa hiyo, mchoro wa karafuu hauna budi kupimwa kwa maswali mawili: unaamsha hisi gani, na unamkumbuka nani? Kutodumu kusiwe kisingizio cha kusahau.