Milingoti Isiyo na Meli

Picha nyingi za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar zinaonyesha upande wa bahari, na sababu yake ni biashara. Abiria wa meli walitaka kadi za posta za kupeleka kwao, na studio kama ile ya A. C. Gomes, Mgoa, ziliwauzia. Ndiyo maana Forodhani, upande huo wa bahari, imepigwa picha hadi inachosha, na Ng'ambo, mtaa wa walalahoi, utaipata kwa kubahatisha. Msomaji mzuri wa picha huanza kwa kuuliza mnunuzi alikuwa nani.

Kisha inakuja kazi tamu: kujua picha ni ya lini. Mhuri wa posta usiuamini upesi. Unasema kadi ilitumwa lini, basi, na kadi moja iliweza kuuzwa miaka na miaka. Afadhali uyaulize majengo. Itazame Beit al-Ajaib, jumba la Forodhani alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Ukiona mnara mrefu, mzima, umesimama peke yake mbele ya jumba, huo ni mnara wa taa, na picha ni ya kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Uingereza zilipolipiga kasri la Sultani mizinga ili kumng'oa Khalid bin Barghash kwenye kiti cha usultani. Ukiona mnara wa saa umeshikamana na jengo lenyewe, uko baada ya vita. Minara hii miwili imewachanganya wengi, wenyeji wakiwemo.

Sasa tazama maji. Glasgow, meli ya Sultani, ilizamishwa siku ile ile, lakini bahari pale haikuwa na kina cha kuimeza yote. Milingoti yake ilibaki imechomoza hadi mabaki yalipoondolewa mwaka 1912. Picha yenye milingoti isiyo na meli basi imejiandikia miaka yake yenyewe, 1896 hadi 1912. Ikionekana na reli ya treni ya Bububu, iliyotandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, unazidi kuibana. Hapo ndipo ninapoipenda kazi hii kuliko fumbo lolote la gazetini.

Saa ya kupigwa picha nayo inasomeka. Majengo ya Forodhani yanatazama machweo. Kuta zake zikiwaka jua, ni alasiri. Chukua kioo cha kukuzia: hamali aliyekuwa akipita amegeuka ukungu, kwa kuwa kamera za zamani zilihitaji utulivu, lakini mzee aliyekaa kwenye baraza anaonekana hadi mikunjo ya kanzu.

Jina la mzee huyo, hata hivyo, ukuta haulijui. Kwa nyuso, nenda kwenye picha ambazo wenyeji walijipigisha wenyewe, za harusi na za Idi, kama zile za Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Hizo zinahitaji bibi mwenye kumbukumbu, na chai, na subira, maana kila uso una ukoo wake wa kuelezwa.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na mnara wa saa ukaenda nayo. Picha ya simu ya vijana wakila urojo Forodhani, mnara ukiwa nyuma yao, tayari imeingia katika kundi la picha za kale. Ila tarehe ya faili usiiamini upesi. Ikishapita WhatsApp, mara nyingi inabeba siku ilipopokelewa.