Diski ya Zamani Ilifutwa Mapema Mno

Kuna video ya fundi anayehamisha Windows ya kompyuta mpakato ya mteja kutoka diski ya zamani kwenda SSD; sitaisimulia yote. Maandalizi yalikuwa safi: alizima BitLocker, akakagua diski kwa chkdsk, akaipunguza C ienee kwenye SSD ya GB 240. Ugomvi wangu ni pale alipoifuta diski ya zamani. Hapakuwa na sababu hata moja ya kuifuta siku ile.

Alinakili C peke yake, akaiacha patisheni ya EFI, ile ya MB 100, akisema haina kitu. Humo ndimo inamokaa Windows Boot Manager pamoja na BCD, daftari linaloonyesha Windows iko wapi. Kisha akaandika bcdboot, amri inayoweka faili za kuwashia, bila /s inayotaja patisheni ya kulenga. Amri hiyo isipoelekezwa, huandika kwenye patisheni ya mfumo ambayo UEFI inaitambua, na iliyokuwepo ni moja tu: ya diski ya zamani. Mashine ikawaka upesi, C ikaonekana iko kwenye SSD, fundi akaridhika. Kumbe uwashaji bado ulianzia kwenye diski ya zamani, iliyokaa kwenye kedi, fremu ya kushikia diski mahali pa DVD. Kedi hizi nimezilalamikia miaka nenda miaka rudi. Zinamzoesha fundi kutochomoa kitu. Basi huyu naye akachomeka flashi ya Linux, akafuta diski ya zamani nzima. Alipowasha tena, mashine haikuona pa kuanzia.

Kedi hiyo kwa kawaida hushikwa na skrubu moja. Angeifungua, akaitoa, akawasha kwa SSD peke yake, kosa lingejitokeza lilelile, lakini diski ya mteja ingekuwa mkononi, nzima.

Mafundi wa enzi za Ghost, programu ya kunakili diski, hawakuangukia hapa. Programu ile, iliyozaliwa New Zealand kabla Symantec haijainunua mwaka 1998, iliendeshwa kwa flopi ya DOS, na diski za IDE zilikuwa na jampa ya kuchagua ipi ni masta na ipi ni sleivu. Diski mpya ilinakiliwa ikiwa sleivu. Ili iwe masta, ilibidi ufungue boksi, uhamishe jampa na uiondoe ya zamani. Kujaribu kulikuwa ndani ya kazi yenyewe. Leo Clonezilla ni ya bure na hunakili EFI bila manung'uniko. Najua haipendi SSD iliyo ndogo kuliko diski inayonakiliwa, lakini kuongeza patisheni ya MB 100 kwenye orodha ya kunakiliwa hakukuhitaji zana nyingine.

Uokoaji ulikuwa sahihi: alitenga nafasi kwenye SSD, akaunda EFI mpya ya FAT32, akaandika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI, mashine ikawaka. Amri hiyo ilipaswa kutangulia. Na diski ya zamani ilipaswa kuwekwa kando angalau wiki mbili, maana mteja hakuwa na nakala nyingine ya akiba. Katika video, kufuta kumetajwa kama hatua ya kawaida ya kazi, na vijana wanaojifunza ufundi wanaifuata ilivyo.